Kipigo na Njaa: Safari ya Sheria za Kuwakinga Wanyama Wafugwao

Utangulizi

Waswahili husema kwamba punda haendi bila kigongo; tena husema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Methali hizi mbili zinamtazama mnyama kwa jicho la mwenye mzigo. Kwake yeye fimbo ni chombo cha kazi, kama kamba na shogi. Hata hivyo, jamii zilizotumia methali za namna hiyo hazikukosa kujiuliza fimbo iishie wapi, na mwenye punda adaiwe nini endapo punda wake ameshinda na njaa.

Makala haya yanafuatilia maswali mawili ambayo sheria imeyauliza katika nyakati na nchi mbalimbali. La kwanza ni hili: nani amempiga mnyama? La pili: nani amemnyima chakula na maji? Maswali hayo yanakaa jirani, lakini historia zake ni tofauti. Sheria kuu za Ulaya zilianza na kipigo, zikachukua muda mrefu kuifikia njaa. Sheria iliyosomwa na makadhi wa pwani ya Afrika Mashariki ilianza na njaa. Itaonyeshwa hapa kwamba kila swali lina mshitakiwa wake: la kwanza humkamata aliyeshika fimbo, ambaye mara nyingi ni maskini, la pili humtafuta mwenye mali, hata akiwa nyumbani kwake.

I. Kipigo chaingia mahakamani

Kabla ya karne ya 19, sheria ya Uingereza ilimlinda mnyama kwa ajili ya mwenyewe. Aliyemjeruhi ng'ombe wa jirani alishitakiwa kwa kuharibu mali ya jirani. Aliyemjeruhi ng'ombe wake mwenyewe hakuwa na kesi ya kujibu. Zilikuwako sheria chache za mahali zilizovuka mpaka huo. Mwaka 1635, Bunge la Ireland lilipiga marufuku desturi ya kufunga jembe la kukokotwa kwenye mkia wa farasi, pamoja na ile ya kunyofoa sufu ya kondoo aliye hai. Mwaka 1641, walowezi wa Massachusetts walipitisha mkusanyiko wa sheria ulioandikwa na Nathaniel Ward. Kifungu cha 92 kilikataza ukatili kwa mnyama anayefugwa kwa matumizi ya binadamu. Kifungu cha 93 kiliwaruhusu waswaga mifugo wa masafa marefu kuwapumzisha wanyama waliochoka, wenye njaa au wagonjwa katika mahali pa wazi pasipo na mazao. Hapo njaa na uchovu wa mnyama vilikwisha kutajwa, lakini katika koloni dogo lililo mbali na mabunge makubwa.

Mjadala wenyewe ulipamba moto mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1789, mwanafalsafa Jeremy Bentham alitoa hoja kwamba haki ya mnyama isipimwe kwa akili wala kwa usemi wake, ila kwa uwezo wake wa kuona maumivu. Mwaka 1800, William Pulteney alipeleka bungeni muswada wa kukomesha mchezo wa kumfunga fahali na kumchokoza kwa mbwa. Muswada huo ulishindwa kwa kura 2 tu. Aliyeupinga kwa nguvu alikuwa William Windham, na hoja yake yafaa kukumbukwa: matajiri, alisema, wanataka kuwanyang'anya maskini burudani yao huku wao wenyewe wakiendelea na uwindaji wao. Mwaka 1809, Lord Erskine alijaribu tena; muswada wake ulipita katika Baraza la Malodi ukaangushwa katika Baraza la Wawakilishi.

Aliyefaulu ni Richard Martin, mbunge wa Galway huko Ireland. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1822. Ilimtaja farasi, nyumbu, punda, ng'ombe, kondoo na mifugo mingineyo, ikaweka faini isiyopungua shilingi 10 na isiyozidi pauni 5 kwa mtu aliyempiga au kumtesa mnyama kwa ukatili. Asiyeweza kulipa alipelekwa gerezani kwa muda usiozidi miezi 3.

Martin hakungoja askari waitumie sheria hiyo. Alizunguka mwenyewe katika mitaa na masoko ya London, akiwakamata wakosaji na kuwapeleka mbele ya mahakimu. Simulizi linalorudiwa sana ni la mchuuzi aliyeitwa Bill Burns, aliyeshitakiwa kwa kumpiga punda wake. Wasimuliaji husema kwamba mahakama ilipoonyesha dalili ya kuifanyia kesi mzaha, Martin aliagiza punda mwenyewe aingizwe, majeraha yake yaonekane kwa macho. Magazeti yalicheka, wachoraji wakachora, na mchuuzi akatozwa faini. Mnyama asiyeweza kusema alikuwa ametoa ushahidi kwa ngozi yake.

Mwezi Juni 1824, watu kadhaa walikutana katika mkahawa mmoja wa London na kuanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Miongoni mwao walikuwamo Martin, kasisi Arthur Broome, na William Wilberforce aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Mwaka 1840, Malkia Victoria alikiruhusu chama hicho kutumia jina la kifalme. Sheria ilipanuliwa mwaka 1835, kwa sababu mahakama zilikuwa zimeamua kwamba fahali hahesabiwi katika orodha ya mwaka 1822. Tangu hapo mapigano ya mafahali, ya dubu na ya majogoo yalikatazwa.

Lakini hoja ya Windham haikufa. Waliofikishwa mahakamani walikuwa wachuuzi, waendesha magari ya farasi na waswaga ng'ombe wa sokoni. Husimuliwa kwamba Martin mwenyewe mara nyingine aliwasaidia wakosaji kulipa faini, kwa kuwa aliuona umaskini wao. Wakati huo huo, uwindaji wa mbweha kwa farasi na kundi la mbwa, uliokuwa mchezo wa wenye mashamba, uliendelea kuwa halali Uingereza na Wales hadi ulipokatazwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kati ya mchezo wa maskini na mchezo wa tajiri palipita miaka 169.

II. Neno moja katika sheria ya Ufaransa

Ufaransa ilifuata njia hiyo, ila kwa sharti la pekee. Sheria ya tarehe 2 Julai 1850, iliyopewa jina la Jenerali Jacques Delmas de Grammont aliyeipendekeza, ilimwadhibu mtu aliyewatesa wanyama wafugwao hadharani na kupita kiasi. Adhabu yake ilikuwa faini ya faranga 5 hadi 15, na kifungo cha siku 1 hadi 5.

Uzito wa sheria hiyo umo katika neno hadharani. Mwenye kumpiga farasi wake barabarani alikuwa mkosaji. Mwenye kumpiga farasi yule yule ndani ya banda, milango ikiwa imefungwa, hakuwa na kosa. Ni wazi kwamba kilicholindwa kwanza ni macho ya mpita njia. Wabunge wa wakati ule waliamini kwamba mtu aliyezoea kuona damu ya mnyama hatakawia kuimwaga ya binadamu, na Ufaransa ilikuwa imetoka tu katika mapinduzi ya mwaka 1848. Maumivu ya farasi yalihesabiwa pale tu yalipotishia utulivu wa mtaa.

Sharti hilo lilidumu zaidi ya karne moja, likaondolewa kwa dikrii ya mwaka 1959. Sheria ya tarehe 10 Julai 1976 ilikiri kwamba mnyama ni kiumbe chenye hisia, na mwaka 2015 jambo hilo liliandikwa katika Kodi ya Kiraia. Ubelgiji nao ulipitia hatua zake: sheria ya kuwalinda wanyama ya mwaka 1929, ile ya tarehe 14 Agosti 1986, hatimaye mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2024 yaliyoingiza ustawi wa wanyama miongoni mwa malengo ya dola.

Njaa haikufaa kwa sheria ya aina hiyo ya kwanza. Kipigo kina sauti na kina shahidi. Njaa haina sauti, nayo hukaa nyuma ya ukuta.

III. Nafaka ya mnyama katika kitabu cha makadhi

Mbali na mabunge hayo, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na sheria yake. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na kitabu kilichotegemewa sana na makadhi wao ni Minhaj at-Talibin cha Imamu an-Nawawi, mwanachuoni wa Shamu aliyefariki mwaka 1277. Umuhimu wake ulitambuliwa hata na watawala wa kikoloni. Van den Berg alikitafsiri kwa Kifaransa huko Batavia kati ya mwaka 1882 na 1884, na tafsiri hiyo ikageuzwa kwa Kiingereza mwaka 1914.

Suala la mnyama limewekwa katika mlango wa nafaka. Kwa msomaji wa Kiswahili, neno hilo lahitaji maelezo. Leo nafaka ni mahindi, mtama, mpunga na ngano. Asili yake ni neno la Kiarabu linalomaanisha matumizi ambayo mtu anawajibika kumpa aliye chini ya ulezi wake. Mlango huo wa Minhaj unaanza na nafaka ya mke, unaendelea na ya watoto na wazazi, kisha unamalizia na walio katika milki ya mtu. Huko mwisho ndiko wanyama waliko.

Hukumu zenyewe ni fupi. Mwenye mnyama analazimika kumpa malisho na maji. Akikataa, atalazimishwa kuchagua. Ikiwa mnyama ni wa kuliwa, kama mbuzi au ng'ombe, atamwuza, au atamlisha, au atamchinja. Ikiwa si wa kuliwa, kama punda, njia zinabaki mbili: kumwuza au kumlisha. Wala hairuhusiwi kumkama mnyama maziwa kwa kiasi cha kumdhuru ndama wake.

Mambo matatu yanastahili kuangaliwa hapa. Kwanza, mshitakiwa ni mwenye mali. Haidhuru punda alikuwa mikononi mwa nani siku ile. Wajibu haumtoki mwenyewe. Pili, uhadhara hautajwi. Mnyama anayekonda uani ana hukumu sawa na anayekonda sokoni. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, mlango huo unafungwa kwa kutofautisha kilicho na roho na kisicho na roho. Mwenye nyumba au mfereji halazimishwi kuutengeneza, kwa sababu vitu hivyo havina roho. Kwa hiyo mnyama ni mali, lakini ni mali ya namna nyingine: roho yake inamdai mwenyewe. Hilo limo katika kitabu cha karne ya 13, miaka 700 kabla ya Kodi ya Kiraia ya Ufaransa kulitamka kwa maneno yake.

Hata hivyo ukurasa huo hausomeki kwa fahari tupu. Hukumu za malisho ya wanyama zimo katika fasili ile ile inayoeleza chakula na mavazi ya watumwa. Mtumwa na punda wamesimama jirani, wote wawili wakiwa wenye kulishwa na wenye kumilikiwa. Sheria hiyo ilimzuia bwana asimtwishe mtumwa kazi asiyoiweza, lakini haikumwondolea utumwa. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Nusu moja ya fasili ikabaki bila mtu wa kuhukumiwa kwayo. Nusu ya wanyama ingali na maana. Tena kitabu si mtaa: hukumu iliyoandikwa huhitaji kadhi wa kuitoa na jirani wa kulalamika, na punda hana miguu ya kwenda barazani peke yake.

IV. Mabega ya watu na sheria ya pori

Bara la Afrika ya Kati lilikuwa na hali nyingine. Katika njia za misafara zilizotoka Bagamoyo hadi Ujiji, zikavuka Ziwa Tanganyika hadi Kasongo na Maniema, mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe. Mizigo ikabebwa na wapagazi. Kiswahili kilifika Kongo ya mashariki kwa njia hizo hizo, kikiwa midomoni mwa watu waliobeba pembe, nguo na shanga. Katika Kongo ya Chini nako, kati ya Matadi na Kinshasa, mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi, mpaka reli ilipokamilika mwaka 1898. Mahali ambapo London ilikuwa na sheria ya kumkinga farasi asipigwe, barabara hiyo ilijaa watu waliopigwa kiboko.

Tukio moja linafunga Ubelgiji, Uswahilini na Kongo pamoja. Mwaka 1879, Mfalme Leopold II aligharimia safari ya tembo 4 waliofugwa, walioletwa kutoka Uhindi pamoja na walezi wao. Waliteremshwa karibu na Dar es Salaam, kwa lengo la kuonyesha kwamba tembo anaweza kushika nafasi ya mpagazi. Kiongozi wao alikuwa Frederick Carter. Njiani wanyama walikufa mmoja baada ya mwingine, kwa kazi nzito na malisho yasiyowatosha. Mmoja tu alifika Karema, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika unaotazamana na Kongo, naye hakuishi sana. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880. Tembo hao walikuwa wamezoea kulishwa na binadamu. Msafara uliwatendea kana kwamba pori litawalisha.

Sheria za kwanza za kikoloni zilizohusu wanyama wa Kongo hazikuanza na mnyama wa zizini. Zilianza na mnyama wa porini, kwa kuwa pembe zilikuwa hazina ya dola. Dola Huru ya Kongo ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi mkataba wa London wa tarehe 19 Mei 1900 kuhusu uhifadhi wa wanyama wa Afrika, mkataba ambao haukupata kutekelezwa. Mwaka 1925 iliundwa Mbuga ya Albert, ambayo sasa ni Virunga. Mkondo huo uliendelea hadi sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile. Hivyo sokwe na tembo walipata wanasheria wao mapema. Mbuzi wa sokoni alisubiri.

V. Njia mbili zakutana

Katika Ulaya, njaa iliingia katika sheria kupitia mlango wa nyuma: zizi la mifugo iliyokamatwa. Mnyama aliyekula mazao ya watu alifungiwa humo mpaka mwenyewe alipe, na mara nyingi kila upande ulimwachia mwenzake kazi ya kumlisha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1835 ilimtaka aliyemfungia mnyama ampe chakula. Sheria ya mwaka 1911 ilikwenda mbele zaidi: mnyama akikaa saa 6 bila chakula au maji ya kutosha, mtu yeyote aliruhusiwa kuingia zizini amlishe, na gharama zikadaiwa kwa mwenye mnyama. Sheria hiyo hiyo ilikubali kwamba ukatili waweza kuwa kutenda au kuacha kutenda, na kwamba mwenye mnyama aliyeshindwa kumwangalia ipasavyo amehusika na mateso yake. Hatimaye sheria ya mwaka 2006 iliweka wajibu wa kumpa mnyama mahitaji yake hata kabla hajaumia: makazi yafaayo, lishe, nafasi ya kuishi kwa tabia zake, na kinga dhidi ya maumivu na maradhi.

Mfano wa mwaka 1911 ulivuka bahari pamoja na utawala. Uganda ilipata sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama mwaka 1957, na ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1963. Zote mbili zilirithi orodha ya Waingereza: kupiga, kupiga teke, kutwisha kupita kiasi, kutesa. Tanzania ilichukua hatua nyingine kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakiri kwamba mnyama ana hisia. Jina lenyewe limebadilisha mwelekeo. Ukatili hutazama kosa. Ustawi hutazama maisha ya mnyama siku zote, pamoja na siku ambazo hakuna aliyempiga.

Mahali ambapo njia hizo mbili zinaonekana kukutana ni Lamu. Katika vichochoro vya mji huo gari haliwezi kupita, na punda hubeba mawe, mchanga, maji na chakula. Mwaka 1987 shirika moja la Kiingereza la kuwahudumia punda lilifungua kituo cha matibabu huko, na wenye punda wakawa wakileta wanyama wao watibiwe bila malipo. Mchukuzi ambaye faini ingemwondolea chakula cha watoto alipewa dawa na mafunzo.

Karne hii imeleta jaribio jipya. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa ili kupata dawa ya Kichina iitwayo ejiao, ilifanya punda waibiwe usiku na kuchinjwa kwa wingi katika nchi nyingi za Afrika. Mwezi Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Safari hii aliyelengwa hakuwa mchuuzi mwenye fimbo. Sheria ilimtazama mfanyabiashara mkubwa, na waliofarijika ni maskini wanaochotewa maji na punda.

Tamati

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba sheria ya wanyama hueleza pia jamii inavyogawa lawama. Sheria inayouliza juu ya kipigo peke yake humwona mtu wa barabarani, kwa kuwa maisha yake yote yako hadharani. Inayouliza juu ya njaa hulazimika kupiga hodi, iingie uani, imtake mwenye mali atoe hesabu. Zote mbili zahitajika, lakini mpangilio wake si jambo dogo.

Kwa Kongo, ambako mbuzi husafirishwa miguu ikiwa imefungwa kamba juu ya baiskeli au juu ya shehena ya lori, na nguruwe hukaa siku nyingi ndani ya mashua za mtoni bila maji ya kutosha, maswali hayo mawili hayajazeeka. Mwendesha baiskeli ndiye anayeonekana. Mwenye mbuzi, aliyepanga bei na kukataa kulipia safari ya pili, hayupo barabarani.

Sheria za nchi huandikwa kwa Kifaransa, na wengi wa wanaozitii hawakisomi. Kiswahili kina akiba ya kuzieleza. Kina ukatili kwa mkono uliopiga, kina kutelekeza kwa mkono usiolisha, na kina nafaka, neno ambalo kabla ya kuwa jina la mahindi gunia zima lilikuwa jina la deni: kile ambacho mlezi anadaiwa na kila mwenye roho aliye mikononi mwake.